Kiboko Aliyevaa Kandambili

Siku niliporudisha vifaa vya ofisi pale Mbinga, mtunza stoo aliniuliza kama buti zilikuwa nzima. Nikamwambia moja ni nzima. Akaipokea habari hiyo kwa utulivu mkubwa, akanipa mkono, na utumishi wangu wa bibi shamba ukaishia hapo.

Tangu hapo wadogo zangu mlioingia idara ya kilimo mnanipigia simu mkiuliza namna ya kuanzisha bustani ya pamoja ya kujitolea, kwa kuwa mmesikia ile ya kule ziwani ipo mpaka leo. Kwenye simu siwezi kuieleza; salio huisha kabla kamati haijachaguliwa. Kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mpepai. Nilifika na sanduku la bati, cheti cha chuo na viatu vyeupe. Viatu vyeupe sijui nilivinunua nikiwaza nini. Aliyenipokea alikuwa bwana shamba mkongwe, Mzee Kinunda, Mmatengo mfupi mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea kanisani. Hakuniuliza nimesoma nini. Alinikabidhi jembe, akanipeleka kwenye mteremko ambako familia moja ilikuwa inachimba ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isiondoke na udongo wa mlima, akasema, "Ingia mstarini." Nikalima mpaka jioni bila kutoa ushauri hata mmoja. Wakati wa kurudi nikamwuliza kazi nitaanza lini.

"Umeshaanza," alisema. "Mkulima hasikilizi mdomo wenye kucha safi."

Alinifundisha na mengine ambayo chuoni hayakuwepo. Kwamba kamba ya katani ikilowa hufupika, na mistari uliyopima asubuhi haitalingana na ya jioni. Kwamba pikipiki ya idara huizimi mlimani kama huna hakika itawaka tena. Na kwamba ukiitwa mkutanoni ufike na jembe, ili watu waone haya na kufupisha maneno. Hili la mwisho nimelijaribu maisha yangu yote. Hakuna mkutano uliofupishwa, ila jembe langu lilikuwa linaazimwa sana.

Baada ya miaka mingi ya kahawa na maharage huko juu, nikahamishiwa ziwani, kwenye kijiji kimoja kati ya Mbamba Bay na Liuli. Jina lake naliacha, kwa sababu wenyewe bado wananiletea usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, na sipendi waache. Lami ilikuwa haijafika. Niliteremka kutoka kwenye baridi ya Mbinga nikiwa na sweta mbili, nikafika ziwani nikiwa nimezifunga kiunoni, na wenyeji wakanihurumia kwa namna ya watu wanaojitahidi wasicheke.

Wiki zangu za mwanzo hazikuwa na kazi ya maana. Watu wa pale waliishi kwa samaki na mihogo, na hawakuona bibi shamba atawaambia nini kuhusu vyote viwili. Ndipo siku moja akaja Edita, muuguzi wa kituo cha afya, msichana mwembamba mwenye hatua za haraka.

"Shikamoo, Bibi Shamba."

"Marahaba, mwanangu. Wagonjwa hawajambo?"

"Wagonjwa hawajambo. Wazima ndio wananisumbua."

Wazima aliowasema walikuwa wajawazito. Jirani na kituo kulikuwa na nyumba ambamo akina mama wa vijiji vya mbali, wengine wa milimani kabisa, walikaa kusubiri siku zao za kujifungua. Walikuja na unga na chumvi, wakijipikia wenyewe.

"Kila asubuhi nawaambia wale mboga za majani," alisema Edita. "Wanaitikia vizuri sana. Halafu wananiuliza, nesi, ziko wapi? Mboga zenyewe zinatoka Mbinga juu ya basi. Zikifika hapa zinatakiwa zilazwe."

Kati ya kituo na mdomo wa mto palikuwa na kipande cha ardhi ambacho kijiji kilikitumia kutupa taka na kufungia mbuzi. Serikali ya kijiji ilitupa bila ubishi, kwa ukarimu ule ambao watu huwa nao kwa kitu kisicho na mwenyewe. Tukaitisha mkutano. Watu walijaa. Kila aliyesimama alisema wazo ni zuri na limechelewa. Nikafurahi. Wadogo zangu, mkisikia mkutano mzima unasema wazo ni zuri, hesabuni majembe.

Tulitumia siku nzima kuchagua uongozi. Mwenyekiti akawa Bwana Alfonsi, mtu mnene, mcheshi, aliyekuwa pia mwenyekiti wa kwaya, wa mazishi na wa timu ya mpira, na ambaye hakuwahi kuimba, kuchimba kaburi wala kugusa mpira. Akapatikana makamu wake, na makamu wa makamu. Katibu, katibu msaidizi, mratibu, mlezi, na mtu wa itifaki. Mweka hazina alikuwa Yasini mwenye duka, ambaye babu zake walitoka upande wa Kilwa, na alikubali kwa sharti kwamba hazina isiwepo. Uchaguzi ulipokwisha tuligundua kwamba mwanachama wa kawaida amebaki mmoja tu, Mama Skolastika, mjane aliyekuwa anakausha usipa ufukweni. Alikuwa amechelewa kufika.

"Na mimi nafanya nini?" aliuliza.

"Wewe, mama, ni wananchi," alisema Bwana Alfonsi.

Kazi ya kulima ikawa ya wananchi, mimi na Edita tukisaidiana naye. Wajumbe walikuja kutukagua. Udongo wa pale ni mchanga, na mchanga ukiuinulia matuta kama mlimani unakauka kabla hujageuka. Kwa hiyo tulichimba matuta yaliyozama, tukajaza samadi ya mbuzi na maganda ya kahawa niliyoombea nafasi kwenye malori yanayoshuka kutoka Mbinga. Maganda ya kahawa usiyatie mabichi. Yatachemka na kuunguza miche. Yaache yaoze mpaka yanuke kama msitu baada ya mvua. Juu yake tulitandaza nyasi. Maji asubuhi na jioni. Tulipanda chainizi, mchicha, bamia na nyanya kidogo.

Kabla chochote hakijaota, wafadhili fulani waliopita kwenda Liuli waliona matuta wakavutiwa. Waliahidi kutusaidia kitu tunachokihitaji. Mama Skolastika aliomba ndoo. Kamati ikakaa, na baada ya wiki chache ukaletwa ubao wa bati wenye nguzo mbili za chuma, mrefu kuliko nyumba ya kituo, umeandikwa BUSTANI YA PAMOJA KWA AFYA YA MAMA NA MTOTO. Nguzo zake zilichimbiwa kwa saruji. Ni kitu pekee pale ambacho wajumbe wote walishiriki kukisimamisha, maana kulikuwa na picha.

Hata hivyo bustani ilikubali. Chainizi zilitoka na majani kama masikio ya ndama. Akina mama wa ile nyumba walianza kupika mboga kila siku, na jioni nilipopita niliwasikia wakibishana kuhusu chumvi, jambo ambalo Edita aliniambia ni dalili nzuri. Walikuja wenyewe kuchuma, mikono imeshika viuno, wakichagua jani kwa jani. Nakiri nilikuwa nasimama mbali kidogo kuwatazama nikijifanya nakagua wadudu.

Kisha mboga zikaanza kupotea. Sisi tulikuwa tunachuma majani ya nje na kuacha moyo wa mche uendelee. Sasa tukawa tunakuta mche mzima umekatwa chini kabisa, mstari baada ya mstari. Bwana Alfonsi aliitisha kikao cha dharura chini ya ubao.

"Ndugu wajumbe, nimechunguza," alisema. "Ni kiboko."

Kule mtoni viboko wapo, hilo si uongo. Lakini Mama Skolastika aliinua mkono.

"Mwenyekiti, kiboko gani anakata kwa kisu?"

"Meno ya kiboko ni makali sana, mama."

"Na huyu ameacha kamba za mgomba. Alikuwa anafunga mafungu."

Bwana Alfonsi alifikiri kidogo. "Wanyama siku hizi wamebadilika," alisema, na makamu wa makamu akaunga mkono.

Kikao kiliazimia serikali ijulishwe. Serikali ikajulishwa, na kwa mshangao wa wote ikaja: kijana mmoja wa wanyamapori, mpole, amepanda pikipiki kutoka Mbamba Bay, amechoka na vumbi. Kamati nzima ilimfuata bustanini ikimweleza ukubwa wa mnyama. Yeye alichuchumaa kwenye tuta lililokatwa usiku ule, akatazama mchanga, akahamia jingine, akatazama. Kisha akasimama akapangusa magoti.

"Wazee wangu, kiboko wenu anavaa kandambili," alisema. "Ya kushoto imelika kisigino."

Niliona wajumbe wakitazama ziwa, mawingu, ubao. Hakuna aliyetazama chini. Kijana alikunywa maji, akatuaga kwa heshima, akaondoka. Kesho yake kamati nzima ilikuja kukagua bustani pekupeku.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sitafuti mwizi mmoja. Kila kiongozi alikuwa anachukua kidogo, kwa hesabu kwamba yeye ni kiongozi na kidogo si kitu. Yasini peke yake hakuwemo, kwa kuwa hali mboga. Niliwaza kwenda kumwona Bwana Alfonsi nyumbani kwake tuongee taratibu, lakini Edita alinitangulia. Alimkuta njiani mbele ya watu.

"Shikamoo, mwenyekiti. Jana akina mama wamekula ugali na chumvi. Ziwa limechafuka, hata usipa hakuna. Kuna mmoja, Anitha, ametoka mlimani kwa miguu na tumbo la miezi minane, damu yake ni ndogo. Nilimwahidi mboga. Nimwambie nini?"

"Mwambie kamati inalishughulikia," alisema Bwana Alfonsi. Edita alilia siku hiyo, kwa hasira, akiwa amejifungia kwenye chumba cha dawa. Mimi nilikaa nje ya mlango.

Mvua zikaanza. Mto ukajaa na maji ya ziwa yakapanda ufukweni. Asubuhi moja Mama Skolastika alikuja kwangu, akanishika mkono bila kusalimia, jambo lisilo la kawaida yake, akanipeleka mwisho wa bustani upande wa mto. Matuta mawili ya mchicha yalikuwa yamelazwa kama yamepitiwa na gunia la mawe. Kwenye tope palikuwa na nyayo pana za vidole vinne, na mavi yametapanywa mpaka kwenye majani.

"Huyu hana kandambili," alisema.

Tulikwenda kwa mwenyekiti pamoja. Alikuwa kibarazani anakunywa uji. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Bibi Shamba, nimekuheshimu sana," alisema. "Lakini utani una mwisho. Suala la kiboko tulishalifunga."

"Njoo uone nyayo."

"Nyayo nilishaonyeshwa mara moja, mbele ya mgeni. Inatosha."

Wajumbe wengine walijibu hivyo hivyo. Kila mmoja aliona tunamsuta. Tukabaki watatu, pamoja na Edita, tuliojua kuna kiboko, na kijiji kizima kilichokuwa kimekwisha kumtungia hadithi na sasa hakimwamini. Edita aliwakataza akina mama wasikanyage bustanini kabla jua halijapanda, na sisi tukaacha kumwagilia alfajiri.

Bwana Alfonsi hakuacha safari zake za alfajiri. Siku ya tatu, kumekucha lakini jua bado liko nyuma ya milima, nilisikia mtu anaita kutoka bustanini. Sauti ilikuwa ya heshima, kama ya mtu anayeomba radhi kwa kusumbua. "Jamani. Jamani, samahani." Nilipofika kwenye kona ya kituo nilimwona mwenyekiti amekaa juu ya ubao wa bati, miguu inaning'inia juu ya neno MAMA, kifuani amekumbatia fungu la chainizi lililofungwa vizuri. Chini yake, kiboko mkubwa, mweusi, anang'aa kwa maji, alikuwa anakula bamia.

Watu wakaanza kufika. Kiboko akitoka majini kuna jambo moja tu la kujua: usimzibie njia ya kurudi. Wanakijiji wetu, kwa kutaka kuona vizuri, walikwenda kusimama ufukweni, kati yake na ziwa. Niliwapungia na kuwaita watoke, wakanipungia na wao. Mama Skolastika ilibidi awazunguke akiwasukuma mmoja mmoja kwa mpini wa jembe.

Wakati huohuo Anitha alitokea upande wa mtoni, ndoo ya maji kichwani, kitenge kimefungwa juu ya tumbo lake kubwa. Alikuwa ameamka mapema kuliko wote kwenda kuteka maji, na hakujua kwamba kiboko yumo bustanini. Kati yake na kiboko palikuwa na tuta la nyanya tu. Mimi nilikuwa mbali. Kiboko aliinua kichwa, akageuka kumtazama, akafungua kinywa.

Aliyemwona Anitha vizuri zaidi alikuwa Bwana Alfonsi, kwa sababu ya pale alipokaa. Nilidhani atafumba macho. Badala yake alianza kupiga ubao kwa visigino, kwa nguvu zake zote, ile bati kubwa ikalia kama ngoma ya msiba, huku anapaza sauti, "Mimi niko huku. Wewe, mimi niko huku." Kiboko akamgeukia. Akaipiga nguzo kwa kichwa. Ubao wote uliyumba, mwenyekiti akalala juu yake kwa tumbo, na hakuacha kupiga. Anitha alitua ndoo taratibu, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka Edita akamshika mkono na kumwingiza ndani. Nguzo haikung'oka. Ile saruji tuliyokuwa tunaicheka ilifanya kazi yake.

Ufukwe ulipobaki mtupu, kiboko alikwenda zake majini bila haraka, kama mtu aliyemaliza kula hotelini.

Bwana Alfonsi alishuka. Ilimchukua muda, maana fungu alikuwa bado analo. Watu wote walilitazama.

"Mwenyekiti," alisema Mama Skolastika, "hizo chainizi?"

"Nilikuwa naziokoa," alisema. Akasikia mwenyewe alivyosema. Akakaa chini kwenye mchanga akafunika uso. Edita alikuja, akamchukulia lile fungu mikononi kama mtu anayempokea mtoto, akalipeleka jikoni kwa akina mama. Hakumtazama vibaya.

Mkutano mkuu uliofuata ulikuwa mgumu. Wapo waliotaka Bwana Alfonsi afukuzwe na wapo waliotaka apewe zawadi, na wote walikuwa na hoja. Wajumbe wengine, ambao hawakuwahi kukutwa na chochote, ndio walidai adhabu kali zaidi. Mimi nilinyamaza, maana ningesema neno lingekuwa la serikali. Mwishoni alisimama mwanachama wa kawaida.

"Hapa tukianza kufukuza, tutabaki mimi na Yasini," alisema Mama Skolastika. "Na Yasini hali mboga. Mimi nasema vyeo vibaki. Ila kila cheo kiwe na tuta lake. Katibu na tuta, mlezi na tuta, itifaki na tuta. Mchumo wa kwanza unakwenda nyumba ya akina mama, unaofuata ni wa aliyemwagilia. Tuta likikauka, na cheo kimekauka."

Wakapiga kura. Makamu wa makamu alijiuzulu hapohapo kwa sababu za afya. Waliobaki walipewa majembe, na Bwana Alfonsi akachagua mwenyewe tuta la mwisho, upande wa mto. Tulihamisha mistari ya upande huo ndani zaidi, tukamwachia kiboko njia pana ya kupita, na kuzungushia bustani miba ya mgunga. Alirudi mara chache, akapita njiani kwake, akatuacha. Anitha alijifungua salama mtoto wa kike. Alipoondoka kurudi mlimani, Bwana Alfonsi alimbebea mzigo mpaka kituo cha magari, akiongea njia nzima kuhusu kwaya.

Siku hizi ninaishi hukohuko ziwani. Nilijenga nyumba ndogo karibu na kituo cha afya, na baada ya kurudisha buti nilijiunga na bustani kama mwanachama. Mwezi uliopita aliletwa afisa ugani mpya, Neema, binti mwenye tabasamu zuri na kompyuta mgongoni. Alituita darasani, sisi wanachama, akatufundisha kupanda chainizi kwenye udongo wa mchanga. Nilikaa mstari wa mbele. Alipouliza majina nikamwambia langu, halikumgusa. Akaandika kwamba mimi ni mnufaika. Mama Skolastika, ambaye sasa anatembea na mkongojo, alinikanyaga mguu chini ya dawati nisicheke.

Alifundisha vizuri. Alikosea jambo moja au mawili kuhusu maganda ya kahawa. Mwishoni akauliza kama kuna mwenye swali. Bwana Alfonsi akasimama, akamshukuru kwa niaba ya kamati kwa muda mrefu kidogo.

Watu walipotawanyika nilimwona Neema amebaki peke yake, anatazama matuta kupitia dirishani. Akafunga kompyuta. Akatoka nje, akavua viatu akaviweka ukutani, akanijia.

"Shikamoo, mama. Samahani. Lipi bado halijamwagiliwa?"

Nikamwonyesha la bamia. Akalimwagia maji mengi mno, mpaka yakasimama, kama tulivyofanya wote mwanzoni. Nilitaka kumwambia. Nikachukua jembe, nikaingia mstarini pembeni yake, tukaendelea.